Kujitolea hospitalini ugenini: nijiandae vipi?

Muulizaji: Ndugu zangu, nimekubaliwa kujitolea hospitalini katika nchi ya kigeni, ingawa sina mafunzo ya uuguzi. Je, kazi za kila siku huwa zipi?

Jibu: Mdogo wangu, muda mwingi utasukuma viti vya magurudumu, utatandika vitanda na kukaa na wagonjwa wasio na jamaa, kazi ambazo hudharauliwa bila haki. Kudunga sindano au kushona jeraha si kazi yako, hata ukiombwa na muuguzi aliyeelemewa, kwa kuwa mgonjwa wa huko naye anastahili kuhudumiwa na mtu aliyefuzu.

Jibu: Naongeza kuhusu afya yako. Chanjo ya homa ya ini aina ya B kwa kawaida hutolewa kwa dozi 3 katika miezi 6, hivyo anza mapema. Ukichomwa na sindano iliyotumika, osha kwa maji na sabuni na utoe taarifa papo hapo, kwani dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzwa ndani ya saa 72.

Muulizaji: Nashukuru. Je, picha za wodini?

Jibu: Usipige. Aliyelala kitandani hawezi kukataa kwa uhuru.