Mwisho uliofungwa, wa kuchagua, au wa kuvuna ulichopanda: upi unatosheleza?

Mkazi wa Section 58 (Nakuru)

Habari zenu, wanajukwaa. Natanguliza onyo kwamba nitafichua miisho, hivyo ambaye hajaimaliza michezo hii asiendelee kusoma. Mdogo wangu anarejea kutoka chuoni wiki ijayo, na fedha nilizo nazo zinatosha mchezo mmoja tu wa video, wenye hadithi, ambao nataka tuucheze pamoja hadi tamati. Ninayoifikiria ni mitatu, na yote nimeicheza kwa marafiki. The Last of Us (2013) una mwisho mmoja usiobadilika. Life is Strange (2015) unakutaka, dakika za mwisho, uchague kumwokoa rafiki yako Chloe au kuuokoa mji wa Arcadia Bay. Red Dead Redemption 2 (2018) unapima mwenendo wako tangu mwanzo na kuufunga mwisho kulingana na ulivyoishi.

Mimi naegemea ule wa kwanza. Joel, mhusika unayemchezesha, anapoingia katika chumba cha upasuaji kumwokoa Ellie, msichana aliyekuwa akimlinda, daktari anamkabili akiwa ameshika kisu kidogo, na hadithi haisogei mpaka umdhuru. Nilizunguka chumba kile na pedi ya kuchezea mkononi nikitafuta njia nyingine, lakini haikuwapo. Baadaye Joel anamdanganya Ellie, naye anaitikia kwa neno moja tu la kukubali, kisha mchezo unakwisha. Ningepewa uchaguzi pale, ningeitafutia nafsi yangu nafuu.

Msimulizi wa Kondele (Kisumu)

Kaka, naomba kwanza tutenganishe maneno mawili ambayo tunayachanganya. Hatima ni yale yanayompata mhusika. Mwisho ni namna simulizi linavyofungwa. Tukishayatenganisha, utaona kwamba Red Dead Redemption 2 haukupi uhuru mkubwa unaodhaniwa. Arthur Morgan, jambazi unayemchezesha, anaambukizwa kifua kikuu siku anapompiga Thomas Downes ili kumdai deni, naye mgonjwa yule anamkoholea usoni. Kuanzia hapo hatima yake imekwisha andikwa, kwa kuwa hadithi inaanza mwaka wa 1899 na dawa ya kuutibu ugonjwa huo haikuwapo. Shangazi yangu aliugua kifua kikuu, akameza dawa kwa miezi 6 akapona, na mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea maji usiku. Kwa hiyo Arthur alipoanza kukohoa akiwa juu ya farasi, niliielewa hali yake kabla daktari wa Saint Denis hajamwambia.

Kinachobadilika ni mwisho wenyewe. Ukiwa umetenda wema na ukamsaidia mwenzake John atoroke, Arthur anakata roho akilitazama jua likichomoza. Ukiwa umeishi kwa ukatili, Micah, msaliti wa genge lao, anampiga risasi. Afe asife, hilo si lako kuamua, ila namna atakavyokufa umeitengeneza mwenyewe kwa saa nyingi bila kujua. Nimecheza michezo mingi, na hakuna mwingine ulionifanya nijute jambo dogo nililolitenda mapema hivyo.

Mwalimu wa Kakamega

Nakubali tofauti hiyo ya maneno, dada, na nitaitumia. Hata hivyo, Life is Strange unaonewa. Wengi hulalamika kwamba uamuzi wa mwisho unafuta yote uliyoyachagua kabla yake, na lalamiko la aina hiyo liliukumba pia Mass Effect 3 (2012) kwa nguvu kiasi kwamba waundaji wake, BioWare, walitoa nyongeza ya mwisho bila malipo mwaka huo huo. Lakini Max, mhusika unayemchezesha, ni msichana awezaye kurudisha muda nyuma, na hadithi nzima inamwelekeza kwenye jambo moja asiloweza kulirekebisha bila kulipia. Uchaguzi ule umetoka ndani ya hadithi yenyewe.

Kijana wa Bungoma

Mimi naongeza neno la tatu: «kumaliza». Nilipokuwa shule ya msingi tulicheza Grand Theft Auto: San Andreas (2004) katika kibanda kisichokuwa na memori kadi ya kuhifadhi tulipofika, basi kila siku mhusika wetu, CJ, alianza upya kwa kupanda ile baiskeli kurudi mtaani kwake, Grove Street. Tuliujua mchezo ule barabara kwa barabara, na wala hatukuwahi kufika mwisho na kumwona Tenpenny, yule polisi mfisadi, akianguka na gari la zimamoto. Hadi leo sijui kama naweza kusema kwamba niliumaliza. Ninachokuomba, ndugu, ni kwamba huo mtakaouchagua msiukatize njiani.

Mkazi wa Section 58 (Nakuru)

Nimesoma yote mara mbili. Dada wa Kondele amenishawishi: nilidhani kwamba nataka mwisho uliofungwa, kumbe nilichokuwa nikikitaka ni hatima isiyoepukika, na Arthur anayo. Tutaanza Jumamosi jioni, na pedi nitampa mdogo wangu. Tukifika kwa Thomas Downes nitanyamaza.