iOS 26: beta ya wasanidi, beta ya umma, au ningoje Septemba?

Mtu wa Tabata: Wadau, naombeni ushauri. Jumamosi hii nataka kuweka iOS 26, mfumo mpya wa iPhone, kwa beta, yaani toleo la majaribio. Beta ya umma imetoka Julai 24, 2025, ila jamaa yangu kazini ana ile ya wasanidi (watengenezaji programu) tangu Juni na anasema iko poa. Nichukue ipi, au ningoje toleo kamili Septemba? Ule muonekano wa kioo nimeupenda sana.

Fundi Baiskeli: Mkuu, hujasema simu yenyewe ni ipi. iPhone XR na XS zimeachwa, inaanzia iPhone 11. Halafu, ndiyo simu yako pekee? Una kompyuta?

Binti Pwani: Chukua ya umma. Ya wasanidi hutangulia, kwa hiyo kasoro wanakutana nazo wao kwanza. Bei isikubabaishe, tangu 2023 zote ni bure, zile dola 99 kwa mwaka hazihitajiki tena.

Mzee wa Chaji: Mwaka juzi niliweka beta kwenye simu ninayoitegemea kwa kila kitu. Siku tatu za kwanza chaji iliisha saa nane mchana, nikajua ni kawaida, simu inapanga mafaili yake upya. Wiki ya pili programu ya benki ikagoma kufunguka. Ilikuwa Ijumaa, mwisho wa mwezi, mafundi wamekaa juu ya matofali wanasubiri hela yao, mimi niko kwenye foleni ya benki. Nikaamua kurudi toleo la zamani. Kumbe bakapu yangu (nakala ya akiba ya simu) nilikuwa nimeifanya nikiwa tayari kwenye beta, na bakapu ya toleo jipya hairudishiki kwenye la zamani. Kurudi kungefuta simu, na video za marehemu mama zilikuwa humo na sikuwa na pa kuzihamishia. Nikavumilia mpaka Septemba.

Fundi Baiskeli: Pole sana mzee wetu. Ndiyo maana naulizia kompyuta. Bakapu unaifanya huko kabla ya kugusa beta, kisha unaitenga isije ikafunikwa na mpya.

Pixel Damu: Njooni Pixel, simu za Google. Android 16 kamili, mfumo wake, imetoka Juni 10, mimi nilikuwa nayo kitambo kwenye beta. Unajiandikisha kwa akaunti ya Google, inakuja yenyewe.

Binti Pwani: Kaka, ukijitoa katikati simu inafutwa yote, mbona hilo husemi? Na Pixel 6 ikishapanda Android 13 hairudi 12.

Pixel Damu: Inafutwa ukijitoa mapema. Ukisubiri toleo kamili ndipo ujitoe, hupotezi kitu.

Mtu wa Tabata: Samahani, nilisahau. Ni iPhone 13, ndiyo pekee, kompyuta sina. Hela natuma kwa M-Pesa, *150*00#, kwa hiyo programu ya benki hainipi shida sana.

Mzee wa Chaji: Mwanangu, bila kompyuta usiguse. Septemba si mbali.

Binti Pwani: Shikamoo mzee, hapo tutofautiane kidogo. Beta za Agosti huwa zimetulia, aazime kompyuta tu.

Mtu wa Tabata: Jirani ana ya Windows, inafaa? Ila diski yake imebaki nafasi ndogo.

Fundi Baiskeli: Inafaa, iwekee Apple Devices, programu ya Apple ya kufanyia bakapu kwenye Windows. Simu yako imejaa GB ngapi?