Bakteria Acidithiobacillus caldus ana kazi gani katika matangi ya makinikia ya dhahabu?

Mwuliza swali
Ndugu wanajukwaa, nasoma kuhusu uchenjuaji wa makinikia ambamo chembe za dhahabu zimefungiwa ndani ya pairaiti na arsenopairaiti (madini ya salfidi, yaani yenye chuma na salfa, na ya pili ina arseniki pia), hata sianidi, kemikali ya kuyeyushia dhahabu, haiwezi kuzifikia mpaka salfidi hizo zivunjwe. Ninavyoelewa, kinachozivunja ni chuma cha Fe³⁺ (kilichopoteza elektroni tatu), na bakteria Leptospirillum ferriphilum ndiye anayekirejesha katika hali hiyo, yaani anayekioksidisha, kila kinapogeuka kuwa Fe²⁺ (kilichopoteza elektroni mbili). Bakteria huyo haoksidishi salfa kabisa. Kwa nini basi mara nyingi hukutwa pamoja na Acidithiobacillus caldus, ambaye naye hagusi chuma? Je, huyu wa pili anachangia lolote, au anakula masalia tu?

Jibu la 1
Anakula masalia, na huo ndio mchango wake. Umepatia kuhusu Fe³⁺, ila yanayofuata hutegemea aina ya salfidi. Salfa ya pairaiti hupitia thayosalfeti na sehemu kubwa huishia kuwa salfeti, ilhali ile ya arsenopairaiti, sawa na ya sfaleraiti (salfidi ya zinki) na kalkopairaiti (salfidi ya shaba na chuma), hupitia polisalfidi na kuacha salfa tupu, ambayo Fe³⁺ pekee haiimudu katika mazingira ya tangi. Asipokuwapo wa kuila, salfa hiyo hujilimbikiza na huweza kufunika chembe za madini. A. caldus huigeuza kuwa asidi ya salfuriki, na asidi hiyo inahitajika, kwa sababu kule kuoksidishwa kwa Fe²⁺ kwenyewe hutumia asidi. pH ikipanda kupita kiasi, Fe³⁺ hutoka kwenye myeyusho na kuganda kuwa jarosaiti, madini ya chuma na salfeti.

Jibu la 2
Naongeza jambo ambalo wanabiolojia hulipita haraka mno, nalo ni gharama ya sianidi. Salfa iliyobaki katika mashapo yanayotoka matangini humenyuka na sianidi na kufanya thayosayaneti, kwa hiyo sianidi iliyokusudiwa kuyeyusha dhahabu huishia kwenye salfa. Balaa haliishii hapo: maji ya hatua ya sianidi yakirudishwa kwenye matangi ya bakteria bila kusafishwa, thayosayaneti huwadhuru wao wenyewe, hata ikiwa kidogo. Ndiyo maana mizunguko miwili ya maji, wa bakteria na wa sianidi, hutenganishwa, na mtu anayesimamia matangi angefanya vyema kupima salfa tupu katika mashapo, badala ya kuridhika na kipimo cha chuma.

Mwuliza swali
Nashukuru sana. Lakini Acidithiobacillus ferrooxidans anaweza kazi zote mbili. Kwa nini asitumike yeye peke yake?

Jibu la 1
Anaweza zote mbili, ila si katika tangi la aina hii. Hustawi karibu na nyuzi 30, na Fe³⁺ inapokuwa nyingi kuliko Fe²⁺ kasi yake hushuka, wakati Leptospirillum huendelea kuokota Fe²⁺ hata ikiwa chache. Uoksidishaji wa salfidi hutoa joto jingi, kiasi kwamba matangi ya BIOX, mfumo wa kuchenjua makinikia kwa bakteria ulioanza kutumika kibiashara katika mgodi wa Fairview, Afrika Kusini, mwaka 1986, hupozwa kwa maji ili yabaki nyuzi 40 hivi, na A. caldus hustawi kwenye joto hilo. Katika malundo ya mbale yanayonyunyiziwa asidi, ambako joto hutofautiana sehemu kwa sehemu, A. ferrooxidans bado ana nafasi yake.