Shule ndiyo iliyomweka mtoto wangu kwenye simu, leo inanilaumu mimi kwamba hatulii darasani!

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo nasema.

Jana nimeitwa shuleni. Mwalimu wa darasa ananiambia kijana wangu hatulii, akisoma aya moja kashachoka, "mzazi, mpunguzie simu nyumbani." Mimi?! Simu yenyewe nimemnunulia kwa sababu yenu! Tangu muhula uanze kazi zote za nyumbani zinatumwa kwenye kundi la WhatsApp, video za masomo ziko YouTube, na majaribio yanafanyika kwenye programu inayorusha nyota kila akibonyeza jibu. Nilipokataa nikaambiwa mtoto ataachwa nyuma na wenzake. Na langoni kwao wamebandika tangazo: SIMU MARUFUKU. Kumbe wanajua kabisa inachofanya!

Juzi usiku niliketi kando yake nione mwenyewe. Maswali kumi ya kujumlisha sehemu. La kwanza, kaandika namba tu, simu ikaita: mwenzake anauliza kundini ni ukurasa wa ngapi. Wakamjibu watu saba. Aliporudi kwenye daftari akaanza kusoma swali upya, maana alishasahau alikuwa anatafuta nini. La pili, kafungua video ya mwalimu, ilipoisha ikajianzisha nyingine, ya mpira. Saa nzima, maswali matatu. Na hilo la tatu alilipiga picha, programu ikamletea jibu na hatua zote, akanakili kwa mwandiko mzuri kabisa. Nikamuuliza, hapa KDS, yaani kigawe kidogo cha shirika, umeitafuta ya nini? Akanitazama tu. Daftari limejaa vema, kichwani hakuna kitu.

Na msiniambie mtoto mvivu. Mpe kitabu cha hadithi cha karatasi, simu ikae chumba kingine, utamnyang'anya wewe ili alale.

Haya siyazui. Kwenye matokeo ya 2022 ya PISA, ule mtihani wa kimataifa wa wanafunzi wa miaka 15, wastani wa nchi za OECD, umoja wa nchi ambazo nyingi ni tajiri, wanafunzi 65 katika kila 100 walisema wanavurugwa na vifaa vyao vya kidijitali angalau kwenye baadhi ya vipindi vya hisabati, na 59 wakasema wanavurugwa na vya wenzao. Yaani hata aliyetulia haachwi! Ripoti ya UNESCO ya 2023 inasema mwanafunzi akishakatizwa anaweza kuchukua hadi dakika 20 kurudi kwenye alichokuwa anajifunza. Sasa piga hesabu ya kundi linaloita kila dakika tano. Ufaransa walizuia simu tangu 2018 kwa watoto wa shule za msingi na wale wa hadi miaka kama 15, na Sweden, waliokimbilia skrini mapema, wameanza kurudisha vitabu vya karatasi.

Corona ilipofunga shule 2020, sawa, simu ilitusaidia, nashukuru. Na mtoto asiyeona anayesomewa na kompyuta, huyo apewe hata mbili. Lakini dharura iliisha, shule zikafunguliwa, mbona simu imebaki? Nitawaambia nionavyo mimi: kutuma faili kundini ni rahisi kuliko kuchapa karatasi. Karatasi zilikuwa gharama ya shule, sasa simu na bando ni gharama yangu, na umakini wa mtoto ndio unaolipia kilichobaki.

Nimeandika barua mara mbili kuomba maswali kumi tu, karatasi moja, hata wino nichangie. Jibu: "mfumo ndio ulivyo." Mfumo nani kauweka?

Wazazi ambao watoto wenu bado wanaletewa kazi kwenye karatasi, nisaidieni: mlimwendea nani, mlisema nini hadi wakakubali? Jumatatu narudi pale, na safari hii sitaki kwenda peke yangu.