Ng'wandu, si Ngwandu: nifanye nini na ritifaa inayopotea?

Mzawa wa Magu: Wanajukwaa, habari za jioni. Jina la ukoo wetu ni Ng'wandu, la Kisukuma, nami nimechoka kuitwa Nguwandu. Cheti changu cha kuzaliwa kina ritifaa, yaani ile alama ya ('), cheti cha chuo hakina, na kitambulisho cha kazi kimeandikwa Ng Wandu, kana kwamba nina majina mawili ya ukoo. Wiki iliyopita benki moja ilikataa kunifungulia akaunti kwa madai kwamba nyaraka zangu hazifanani. Je, nihangaike kuzirekebisha zote au nikubali tu kuwa Ngwandu? Na wanaokosea kwa mdomo, niwasahihishe hata wakiwa wakubwa wangu kazini?

Mwalimu Mstaafu: Ndugu yangu, usikubali. Ritifaa hiyo si pambo, kwani ng' ni sauti inayojitegemea: kung'oa ni kutoa kitu kilichojikita, ilhali ngoa ni wivu. Mkubwa wako msahihishe mara moja, mapema na kwa adabu, kwa kumwambia, "Samahani mzee, ni Ng' kama ya ng'ambo." Nakutahadharisha usitoe mfano wa ng'ombe mbele ya watani wako, maana wataliganda hilo hadi ustaafu.

Fundi wa Mifumo: Naongezea la kitaalamu. Kwenye kompyuta kuna ritifaa iliyonyooka na iliyopinda, na baadhi ya simu huipinda zenyewe bila kukuuliza. Kwa mfumo usiosanifiwa vizuri, hayo ni majina mawili tofauti, ingawa jicho la mtu halioni kasoro. Mifumo mingine huigeuza kuwa nafasi, na nadhani ndivyo ulivyopata hilo Ng Wandu. Anza na kitambulisho cha kazi, kwa sababu nafasi katikati ya jina huleta usumbufu kuliko ritifaa iliyokosekana. Kwa cheti cha chuo, nenda kwa wakili au kamishna wa viapo ukaandikishe hati ya kiapo inayoeleza kwamba majina yote hayo ni ya mtu mmoja, kisha uwaulize benki kama wataipokea.

Binti Ng'ang'a, Nakuru: Hata huku Kenya, akina Ng'ang'a, Ng'eno na Nyong'o tunayajua hayo, mimi ritifaa zikidondoka nabaki Nganga, hatua moja tu kutoka mganga. Hata hivyo, natofautiana kidogo na Mwalimu. Katika ile mistari ya pasipoti inayosomwa na mashine, kanuni za kimataifa huondoa ritifaa na kuziunganisha herufi, kwa hiyo tiketi ya ndege huandika NGANGA bila kinyongo. Mashine naisamehe, lakini mtu mwenye ulimi simsamehi.

Mzawa wa Magu: Nashukuruni nyote. Jumatatu naanza na kitambulisho cha kazi, nikiwa na nakala ya cheti cha kuzaliwa, na fomu nitaijaza kwa kalamu, si kwa simu.