MJADALA: Hempu iruhusiwe Kanda ya Ziwa? Kabla ya sheria, tuambiane ni mbegu ipi

Mtoa mada (Misungwi)

Wakuu, salaam. Kila bei ya pamba inapoyumba, hapa Mwanza hoja hii hurudi: turuhusiwe kulima hempu, yaani bangi ya viwandani isiyolevya. Wanaoitaka wanasema Malawi walitunga sheria yao 2020 na Zimbabwe wanailima, sisi tunasubiri nini? Wanaoikataa wanasema bangi ni bangi, na sheria yetu ya dawa za kulevya ya 2015 imeshafunga mlango. Naona pande zote mbili zimeruka swali la kwanza: hempu ya aina gani?

Kitaalamu ni mmea uleule, Cannabis sativa. Tofauti kubwa iko kwenye THC, kile kinacholevya. Marekani na Ulaya wameweka mpaka wa asilimia 0.3, zao likizidi hapo halihesabiwi tena kuwa hempu. Lakini hempu zenyewe nazo si moja. Ya nyuzi, kama Futura 75 ya Ufaransa au Carmagnola ya Italia, hupandwa kwa kubanana sana, kilo 40 hadi 60 za mbegu kwa hekta, ili bua lipande juu bila matawi. Ya mbegu, kama Finola ya Finland, ni fupi na hukomaa mapema. Ya CBD, kemikali nyingine ya mmea huu ambayo hailevyi, hupandwa kwa nafasi ya mita moja au zaidi, na mmea dume ukionekana unang'olewa mara moja, maana kinachotafutwa ni ua la jike ambalo halijachavushwa.

Sasa nisikilizeni hapa. Hempu nyingi husubiri siku zifupike ndipo zichanue. Ufaransa mwezi Juni mchana una saa 16, hivyo Futura 75 inapata muda wa kurefuka mpaka inampita mtu kimo, ndipo inachanua. Mwanza tuko nyuzi 2 na nusu tu kusini mwa Ikweta. Mchana wetu ni wa saa 12 mwaka mzima, hata nusu saa haupishani. Mbegu ile ukiipanda hapa inakutana na siku fupi tangu inachipua. Itachanua ikiwa bado ndogo, na bua likishachanua halirefuki tena kwa maana. Utavuna vijiti. Wachina wa Yunnan wamezalisha aina zao, Yunma, kwa ajili ya maeneo yaliyo karibu zaidi na Ikweta kuliko Ulaya, ila Yunnan nako ni kama nyuzi 25 kaskazini. Bado ni mbali na sisi.

Na udongo je? Hempu haivumilii maji yakisimama kwenye mizizi, kwa hiyo mbuga zetu nyeusi wakati wa masika zitaiua. Luseni, ule udongo wa kichanga, inapitisha maji vizuri lakini imechoka, na zao hili linataka naitrojeni nyingi kama mahindi.

Msimamo wangu: mlango ufunguliwe kwa utafiti kwanza. TARI Ukiriguru, kituo cha utafiti wa kilimo, palepale zilipotoka mbegu za pamba za UK91 na UKM08, wapewe kibali wajaribu aina mbalimbali kwa misimu kadhaa. Kabla ya hapo mkulima asiuziwe hata kilo moja. Karibuni mnipinge.

Mchangiaji (Nyamagana)

Mkuu, nakupinga kwa heshima. Umeng'ang'ania nyuzi kana kwamba ndiyo faida pekee. Mbegu ya hempu ina mafuta karibu asilimia 30 na protini kama robo ya uzito wake. Ukikamua, mashudu yanayobaki unalisha kuku, na sote tunajua jinsi chakula cha kuku kinavyogombania dagaa na meza zetu. Finola haingoji siku kufupika, na ufupi wake kwa anayevuna mbegu ni nafuu. Vilevile Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961, ibara ya 28, unasema wazi kwamba masharti yake hayahusu kilimo cha mmea huu kwa ajili ya viwanda tu, nyuzi na mbegu. Kwa hiyo kinachotuzuia ni sisi wenyewe. Ukisema "utafiti kwanza" bila kuweka mwaka wa kumaliza, vijana tutazeeka tukisubiri ripoti.

Mchangiaji (Mwaloni, Kirumba)

Mimi nasemea ziwa. Wapo wanaotuahidi kamba na nyavu za hempu. Ndugu zangu, kamba ya hempu hunyonya maji na kuozea ndani huku nje ikionekana nzima. Mabaharia wa zamani waliipaka lami kwa sababu hiyohiyo. Sisi tuna nailoni, tuachieni nailoni yetu.

Kinachoniumiza ni kitu kingine. Nyuzi hazibanduki kwenye bua mpaka ile gundi inayozishika iozeshwe. Njia ya umande ni kuyalaza mabua shambani wiki kadhaa huku yakigeuzwa, na hapo unaomba mvua isizidi. Njia ya maji ni kuyaloweka siku kadhaa, nyuzi zinatoka laini zaidi, lakini maji yake yananuka, yamejaa uchafu na yameishiwa oksijeni. Niambieni, nani atahangaika na umande wakati ziwa liko hatua mia kutoka shambani? Ni ziwa lilelile linalosumbuliwa na magugu maji tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na samaki wanakufa hewa ikipungua. Anayeandika hiyo sheria aanze na kifungu cha kukataza kuloweka mabua ziwani na mitoni. Asipokiweka, mimi nitaipinga popote nitakapopewa nafasi ya kusema.

Mchangiaji (Tarime)

Naongeza la huku kwetu, ambako bangi inalimwa kwa kificho na kila mtu anajua. Chavua ya mmea huu inabebwa na upepo kwa kilomita nyingi. Hempu jirani na bangi, mbegu zinachanganyika. Mkulima akitunza mbegu zake za kupanda mwakani kama tulivyozoea, msimu unaofuata THC imepanda bila yeye kujua. Askari akifika, kwa macho hawezi kutofautisha jani na jani. Sampuli inabidi iende kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na mwenye shamba yuko mahabusu mpaka majibu yarudi. Hilo mmelifikiria?

Mtoa mada

Ahsanteni, huu ndio mjadala niliouhitaji. Wa Nyamagana, hoja ya mbegu naipokea: tukianza, tuanze na hempu ya mbegu. Na utafiti uwekewe ukomo, misimu mitatu inatosha kujua kama Finola au nyingine inatoa mavuno ya maana hapa. Kwa kuwa hatutatafuta nyuzi kwenye mabua, hofu ya kuloweka nayo inapungua, ingawa kifungu cha ziwa kiwekwe vilevile.

CBD siitaki kabisa kwa mkulima mdogo. Marekani waliporuhusu hempu kwa sheria ya 2018, watu walikimbilia CBD, mwaka uliofuata soko likafurika na bei zikaporomoka, wengine wakabaki na maua yasiyo na mnunuzi. Wale wana bima na mabenki. Mkulima wa Kwimba ana nini?

Wa Tarime umegusa jambo zito zaidi. THC ya zao ikizidi asilimia 0.3, kule Marekani zao linateketezwa. Hapa hasara hiyo ataibeba nani? Kwangu mimi ni aliyeuza mbegu. Mkulima anunue mbegu iliyothibitishwa na TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha mbegu, kila msimu, na iandikwe kwenye mkataba wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, kwamba muuzaji atalipa gharama zote za shamba lililoteketezwa, kabla mfuko wa mbegu haujafunguliwa. Muuzaji asiyekubali kusaini hivyo, basi mbegu yake haiamini hata yeye mwenyewe. Wa Magu, Sengerema na Ukerewe, mnasemaje kwenye hili?