Tupeane uzoefu: gati za Amu (Lamu) zimebadilika vipi kwenu?

Mkazi wa Langoni: Assalamu alaykum wana Amu. Tangu bandari kubwa ya Lamu kule Kililana ianze kupokea meli Mei 2021, kila jamaa wa bara hunipigia kuuliza kama sasa tunaogelea kwenye pesa. Pale kuna magati matatu ya mita 400 kila moja na kina cha mita 17.5. Meli ya maji hayo haiji kutuletea unga. Mimi nataka habari za gati la Mokowe upande wa bara, Forodhani ya mjini Amu, mfereji wa Mkanda wa kwenda Pate, huko tunakopita kila siku. Siasa wekeni kando.

Hamali mstaafu: Alaykum salaam. Jahazi la Mombasa lilikuwa likifika na saruji, mabati, sukari, nasi tunapita juu ya ubao na gunia begani. Lami ya Garsen–Witu–Lamu ndiyo iliyolimaliza. Mzigo waja kwa lori hadi Mokowe, unashushwa, unapakiwa botini, unashushwa tena Amu, ndipo punda aupokee. Vijana wanalipwa mara mbili kwa gunia lile lile, na mwenye duka atanung'unika mpaka kiama. Lakini nyanya hazifiki zimeoza tena, hilo lazima niseme.

Bint Faza: Sisi wa Pate mjue tulivyoteseka Mkanda. Maji yakipwa mmekwama, jua la utosi, watoto wanalia, mnangoja yajae. Dada yangu alikwama pale na uchungu wa uzazi. Alhamdulillahi alijifungua salama hospitalini, lakini nahodha alizeeka siku ile. Tangu mfereji uchimbuliwe tunapita saa ambazo zamani hukuthubutu. Nauli ndiyo haikushuka.

Mvuvi wa Manda: Nyinyi mwasifu uchimbaji, mimi ulininyima riziki. Wa bandarini, si wa Mkanda. Nilikuwa natega dema karibu, kwa mtumbwi wa kasia. Tope liliposambaa samaki wakahama. Kusi ikivuma siwezi kutoka nje ya mwamba na chombo kile. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua wavuvi kama 4,600 tulipwe shilingi bilioni 1.76. Tangu hapo ni vikao, fomu, vikao.

Bint Faza: Pole ami. Sikukusudia kukutonesha.

Fundi wa Matondoni: Wateja wangu siku hizi wataka mashua yenye nafasi ya injini nyuma. Tanga kubwa huagizwa na wenye kutembeza watalii. Vijana wengine wananunua boti za fiba moja kwa moja, hawaniulizi hata bei.

Mkazi wa Langoni: Na kushuka Mokowe maji yakiwa makavu? Mama yangu huvuka boti tatu zilizofungana ndipo afikie ngazi, na ngazi yenyewe ina ukoga.

Hamali mstaafu: Mwambie aite kijana amshike mkono kabla hajavua viatu. Na asikubali kutozwa, hiyo si kazi ya malipo.